Funika, Mama

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Kaniambia, "Mama, andika siku, andika mvua, andika unachokiona shambani. Usiandike sifa."

Haya. Siku: leo. Mvua: bado, ila mawingu yamevimba upande wa mlimani kama unga uliotiwa hamira. Ninachokiona: binti yangu, kitinda mimba, amerudi kutoka chuo cha kilimo na cheti chenye muhuri wa rangi mbili, na kwenye njia yetu yote hakuna nyumba nyingine yenye cheti cha namna hiyo. Hiyo si sifa. Hiyo ni habari.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wenzangu. Hiyo nayo ni habari.

Sasa jambo lenyewe. Shamba la bondeni ni la ukoo, na mwenye sauti juu yake ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Msimu uliopita kiuno kilinilaza chali wakati wa palizi ya kwanza. Mume wangu ni fundi cherehani, mguu wake umezoea pedali, haujui jembe. Magugu yakapata nafasi, yakayapanda mahindi mabegani. Tulichovuna kuku walikitazama wakaona haya kwa niaba yetu.

Leo shemeji amekuja. Hakukubali kiti, amesimama mlangoni na fimbo yake. Anasema kuna mtu mwenye trekta anataka kulikodi shamba, na ameona ni heri ampe. "Na huyu mtoto," akasema, "atafute kazi mjini kama wenzake."

Kitinda mimba akaweka kikombe chini. "Baba Mkubwa, nipe msimu huu mmoja. Magugu nitayazuia, na mama hatavunjika kiuno."

"Kwa dawa?"

"Kwa nyasi."

Shemeji akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake, kama mtu anayeuliza nani alimfundisha mtoto utani. "Magugu ni nyasi. Utaua nyasi kwa nyasi?"

"Nyasi kavu, Baba Mkubwa. Unatandaza chini, kati ya mistari. Matandazo."

Akacheka kwa pua. "Haya. Nitakuja mahindi yakitoa mbelewele. Sitasikiliza maneno, nitatazama kwa haya macho. Nikikuta magugu, mwenye trekta anaingia."

Shemeji alipoondoka, mume wangu alisema neno moja tu tangu asubuhi: "Nyasi." Kisha akaendelea kushona.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mvua ya kwanza. Tumepanda. Kiuno kililalamika, nikakiambia kinyamaze.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Mahindi yameota kwa mistari kama watoto wa shule kwenye gwaride. Magugu nayo yameota, hayana mstari wala mwalimu.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Wiki nzima tunakusanya. Sikujua kama dunia ina takataka nyingi hivi mpaka nilipoanza kuziomba. Mabua ya mwaka jana, maganda ya maharage, majani makavu ya uwanja wa shule ambayo mlinzi huyachoma kila Ijumaa, nyasi zilizokatwa kando ya barabara. Za barabarani kitinda mimba amezikagua shina kwa shina. Zilizotoa mbegu amezitupa kando. "Mama, hizi ukizitandaza umepanda magugu kwa mkono wako."

Nimezunguka nyumba zote. Nikigonga mlango nasema, "Hodi, naomba takataka zenu, ni za binti yangu aliyesoma." Watu wanatoa. Sijui ni ukarimu au wanataka nitoke.

Jirani yetu wa mpakani amesimama kututazama akiwa amejishika kiuno. Sisi humwita Redio, maana habari ikiingia sikioni mwake haikai. Leo katangaza papo hapo: "Jamani, mnayatandikia mahindi? Na mito je, mtaileta lini?"

Nikamjibu, "Mito iko kwako, shoga, maana usingizi ndio uliojaa shambani kwako."

Tukacheka wote wawili. Lakini najua saa hiyo hiyo lile la mito lilikuwa limeshafika kisimani.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Leo tumetandaza. Nitaandika vizuri, kwa sababu niliona jambo ambalo sijawahi kuliona, na mimi shambani nimezeekea.

Kwanza tulipalilia juu juu, magugu yakiwa bado machanga, unayakwaruza tu kwa jembe na hayabishi. Kisha ndipo tukavika udongo nguo. Kitinda mimba anapima kwa kiganja chake, anakisimamisha: matandazo yafike unene huo. Shina la muhindi halisongwi. Linaachiwa duara dogo lipumue, kwa sababu ukilibana, nyasi zikilowa zinaoza hapo na mchwa wanaona mlango. Nilimuuliza, "Na magugu yatakufa kwa nini? Kwa uzito?"

"Kwa giza, mama. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, hazina akiba. Zikiamka na kukosa mwanga zinakwisha kabla hazijafika juu. Muhindi una akiba, na ulishatoka."

Nikasimama kidogo. Miaka yote hii nimekuwa nikipigana na magugu kwa mikono, kumbe yana njaa ya kitu nisichoweza kukishika.

Tulibishana mara moja tu. Alitaka tuache kipande bila kufunika, karibu na njia. "Ili tulinganishe," anasema. "Chuoni hatufanyi jaribio bila kipande cha kulinganishia."

"Hapo njiani? Watu wapite waseme tumeishiwa nyasi, tumeishiwa nguvu? Hapana, mwanangu. Mwili wa mtu hauvikwi nguo ukaacha goti moja ili watu walinganishe."

Tukafunika lote.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mvua kubwa. Shamba la Redio udongo umetiririka mpaka njiani, mwekundu. Wetu haukuhama. Nimefurahi kiasi cha kusimama mvuani.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Nimepata starehe mpya. Asubuhi kitinda mimba anaenda kibarua kwenye kitalu cha miche ng'ambo ya barabara. Mimi nachukua chai yangu kikombe cha bati, nashuka bondeni, nachuchumaa pale mwanzo wa shamba karibu na njia, nafunua.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na uvunguni humu kuna mambo! Juu ni kukavu, chini kuna unyevu na harufu ya mvua iliyolala. Nyungunyungu wanene, wanajivuta wakiona mwanga kama watu waliofumaniwa wakioga. Jongoo mmoja mweusi anatembea kwa heshima zake. Kuna nyuzi nyeupe nyembamba zimeshika majani yaliyoanza kuoza, zinafanana kabisa na nyuzi zinazobaki chini ya cherehani ya mume wangu. Na magugu nimeyaona! Yametoka mbegu, lakini ni meupe, marefu, malegevu, kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Nikafunika taratibu.

Jioni nikamuuliza mwanangu zile nyuzi ni nini. Akasema ni kuvu, ndiyo inayoozesha majani yawe mbolea. Nikamuuliza jongoo anakula nini, akanieleza. Nikamuuliza jongoo anajuaje pa kwenda na macho yake yale. Akafikiri, akasema, "Hilo sijui, mama."

Nimempenda zaidi. Wako watu wamesoma kidogo tu na neno "sijui" hawana mdomoni.

Jumanne, tarehe 23 Aprili

Fundi baiskeli alikuwa anapita njiani, nikamwita. "Njoo uone kazi ya binti yangu." Nikamfunulia. Akastaajabu. Mkunga naye nikamfunulia. Akasema nyungunyungu wamenona kuliko watoto wa kliniki yake.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Nimewafunulia: mwalimu mstaafu, muuza maziwa, dada wawili nisiowajua waliouliza njia. Mwalimu mstaafu aliinama na miwani yake akasema, "Mama, hili ni darasa." Nikasema, "Aliyelianzisha nilimzaa mimi."

Asubuhi nafunua peke yangu, mchana nafunua na wageni. Kila siku kuna kipya. Mahindi yamenifika kifuani.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Kitinda mimba ametoka shambani uso umebadilika. "Mama, kule mwanzo, karibu na njia, magugu yanatoka."

Nikasema haiwezekani, asubuhi tu nilikuwa hapo. Tukaenda. Kweli. Si yale meupe malegevu. Haya ni ya kijani, yana kiburi, yamepenya katikati ya matandazo kipande kizima cha mwanzo. Ndani ya shamba hakuna kitu, labda ndago moja moja, nayo ndago ingetoboa hata saruji. Ila huku mbele, mahali ambapo kila mpita njia anatupa jicho, pamechafuka.

"Zile nyasi za barabarani," akasema. "Labda zilikuwa na mbegu, sikuona."

"Wewe? Usione?"

"Mama, acha."

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mvua imekata. Jua kali. Shamba la Redio mahindi yamekunja majani kama miavuli. Yetu yamesimama, meusi kwa afya. Redio kaja mwenyewe leo, mpole, bila kutangaza chochote. "Hebu nione chini." Nikamfunulia. Akaingiza mkono ukatoka na tope. "Mh," akasema. Redio kusema "mh" tu ni kama mtu mwingine kuhutubia.

Halafu akaona yale ya mwanzo. "Lakini haya je? Ndiyo yale yale magugu, au haya mmeyaalika?"

Nikasingizia kiuno kinaniuma. Mimi! Nikakimbia swali mbele ya Redio.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Binti yangu hali vizuri. Ameweka zile nyasi za barabarani kwenye sahani na kitambaa chenye maji, dirishani pa baba yake, aone kama zina mbegu. Kila asubuhi anatazama kabla ya kwenda kibaruani. Hakijaota kitu. Amefikiria mbuzi, amefikiria upepo, amefikiria miguu ya watu wa njiani. Jana nimemsikia akimwambia baba yake, "Baba Mkubwa atasimama pale pale mwanzo. Hataingia ndani. Ataona, ataondoka."

Baba yake akakata uzi kwa meno. "Mwambie aingie."

"Baba, humjui kaka yako?"

Ananijibu mkato mkato. Nami badala ya kumwacha, namfuata nyuma nikiuliza. Leo amesema, "Mama, pengine nilijifanya najua." Nikaenda jikoni nikapangua vyombo vilivyokuwa vimepangwa, nikavipanga upya.

Kule shambani naenda kila siku, mara tatu, mara nne. Nafunua nione kama yanapungua. Yanaongezeka. Matandazo yenyewe pale yamevunjikavunjika, yamekuwa mepesi kama nywele za mzee.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Mbelewele zimetoka. Shemeji ametuma salamu: anakuja Jumamosi.

Sasa niandike lililonipata leo mchana, sijui nicheke au nione aibu.

Nilikuwa napika wali. Maji yamekauka, nimefunika, nimepunguza moto, nimeacha mvuke ufanye kazi. Mume wangu akaingia, njaa imemuuma. Akafunua sufuria. Nikamwambia bado. Akatoka. Akarudi, akafunua. Nikasema bado. Mara ya tatu namwona ameshika mfuniko, anachungulia kama anatafuta sindano.

Nikapasuka. "Baba we! Wali hauivi kwa macho! Kila ukifunua unaharibu! Kilichofunikwa kimefunikwa ili kifanye kazi yake, wewe unafunua funua, unatarajia nini?"

Mume wangu akarudisha mfuniko polepole. Mimi nikabaki na mwiko hewani. Nikayasikia maneno yangu yakinirudia masikioni, moja moja.

Kila ukifunua unaharibu.

Mwanzo wa shamba. Karibu na njia. Hapo ninapochuchumaa na chai. Hapo nilipomwinamisha fundi baiskeli, mkunga, mwalimu mstaafu, muuza maziwa, Redio. Si mbuzi. Si upepo. Magugu yenye njaa ya mwanga, nami kila asubuhi nayapelekea mwanga kwa mkono wangu, kama mtu anayemwamsha mtoto anywe uji!

"Mama yao," mume wangu akasema, "umeungua?"

"Nimeungua," nikasema. "Epua wali."

Nikashuka bondeni mbio, kiuno kikaniuliza nimepatwa na nini. Nia yangu ilikuwa moja: niyang'oe yote, nitandaze upya, nipasawazishe, na Jumamosi shemeji akute pasafi, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimeshang'oa konzi moja nilipomsikia kitinda mimba nyuma yangu, ametoka kitaluni.

"Mama, unafanya nini?"

Ningeweza kusema napalilia. Lakini uso wake wa wiki hizi mbili ulikuwa mbele yangu, umekonda. Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Magugu. Ni mimi. Nafunua. Kila siku nafunua. Na wageni nawafunulia. Nilikuwa nataka kuona."

Alinitazama. Akatazama kipande kile, mpaka wake, mahali kinapoanzia na kinapoishia, ambapo ni sawasawa na urefu wa mkono wangu nikiwa nimechuchumaa. Akaenda ndani hatua chache, akatazama penye matandazo mazima. Akarudi. Kisha mwanangu akakaa chini, juu ya nyasi zake, akacheka mpaka akajishika mbavu, na machozi yakatoka, na yale machozi yote hayakuwa ya kucheka.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "nilidhani sijui kitu."

"Unajua kila kitu. Sogea, ning'oe haya."

Akanishika mkono. "Usiyang'oe."

"Nini?"

"Hiki ndicho kipande cha kulinganishia. Ulikikataa, kisha ukakitengeneza mwenyewe. Mbegu zile zile, udongo ule ule, nyasi zile zile. Tofauti ni mkono wako tu. Baba Mkubwa akiona kwingine kusafi atasema bahati, magugu hayakuwepo. Akiona haya atajua yapo, yamelala, na kilichoyalaza ni matandazo. Nayahitaji, mama."

"Na nani atamwambia ni mkono wa nani?"

Akauachia mkono wangu, akaniangalia. Hilo ni jibu.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Nimemweleza mume wangu nikitarajia anitetee. Akanyoosha kitambaa mezani, akapitisha chaki. "Sifa zake umezitangaza njia nzima," akasema. "Tangaza na hili moja."

Wali uliungua chini. Tumekula wa juu.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Sijafunua. Nimepita na chai yangu, mkono wa pili nimeutia mfukoni.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Amekuja asubuhi, na kofia yake ya mambo rasmi. Redio alikuwa mpakani, anapalilia mahali ambapo hapana jani hata moja.

Mambo yalikwenda kama mwanangu alivyotabiri. Shemeji hakuingia shambani. Alisimama njiani, mwanzo pale pale, akaegemea fimbo, akatazama chini. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Alitazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa, hata bila ubaya, kama mtu anayetazama nguo zilizonyeshewa kambani.

"Nilisema sitasikiliza maneno," akasema. "Nimetazama."

"Baba Mkubwa, twende ndani kidogo," akasema kitinda mimba. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, mlango wa nyumba ukiwa mchafu, mgeni ataomba kuona chumbani?"

Akageuka kuondoka. Hakika aligeuka, fimbo ikatangulia. Na mimi nilikuwa nimepanga kusema kwa utaratibu, kwanza utangulizi, lakini mdomo haukungoja.

"Shemeji! Huo uchafu wa mlangoni ni wangu!"

Akasimama. Jembe la Redio nalo likasimama.

"Matandazo hayakushindwa," nikasema, "mimi ndiye niliyeyashinda. Kila asubuhi nakuja hapa na chai, nachuchumaa hivi, nafunua hivi, nachungulia. Nimewaita watu, nimewafunulia, nikijisifu. Muulize huyo hapo, kaingiza mkono mwenyewe. Mahali nilipofunua, magugu yameota. Mahali ambapo mkono wangu haujafika, ingia ukatazame. Ukikuta gugu la kufika kwenye kifundo cha mguu, mpe shamba mwenye trekta na mimi nitamshikia geti."

Shemeji akamtazama Redio.

"Ni kweli," Redio akasema. "Hata mimi niliingiza mkono." Kisha, kwa kuwa ni Redio, akaongeza, "Na chai alikuwa hanikaribishi."

Shemeji akaingia. Kitinda mimba akamfuata, mimi nikawafuata, na Redio akaruka mpaka bila kukaribishwa. Alitembea mstari mmoja mpaka mwisho, akarudi mwingine. Ndago alizikuta, akazigusa kwa fimbo, akaziacha. Alikuwa anatafuta. Katikati ya shamba akasimama, akachuchumaa, goti likalia, akafunua matandazo kwa mkono wake. Nyungunyungu wakajivuta. Yale meupe malegevu yakaonekana.

"Kumbe yapo," akasema taratibu.

"Yapo, Baba Mkubwa. Yapo shamba zima. Yanatoka na kukosa mwanga."

"Na haya yangekuwa yale ya mlangoni?"

"Ndiyo hayo hayo."

Akasogeza nyasi zaidi, akainamisha uso. Mzee mzima, kofia inaanguka. "Na hizi nyuzi nyeupe ni nini?" Akafunua na upande wa pili. Akafunua tena mbele, anataka kuona zinakoishia.

Hapo sijui nini kilinipata. Mkono wangu wenyewe ulitoka ukampiga kofi mgongoni pa kiganja, paa!

"Funika!"

Mkono wa shemeji. Mkubwa wa ukoo. Redio akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwanangu akafumba macho.

Shemeji alitazama kiganja chake. Akanitazama. Kisha akakusanya nyasi moja moja, akazirudisha, akazisawazisha na kuzishindilia kidogo kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Inavuta macho," akasema.

"Inavuta sana, shemeji. Ndiyo shida yake."

Akasimama kwa kuegemea bega la kitinda mimba. Tukarudi mpaka njiani. Pale kwenye magugu yangu akasimama tena, akayapiga kwa fimbo kidogo.

"Kule kwangu nyuma ya zizi," akamwambia mwanangu, "nyasi zimejaa. Nilikuwa nizichome. Sitazichoma. Msimu ujao utahitaji nyingi kuliko hizi, utafunika na lile shamba la juu."

"Baba Mkubwa, lile la juu?"

"Trekta haijui kutandaza," akasema, akavaa kofia vizuri, akaenda zake.

Jumapili, tarehe 19 Mei

Habari imeshafika kila mahali. Muuza maziwa kaja asubuhi, kanikabidhi chupa, kasema, "Funika, mama." Fundi baiskeli kanipita njiani, kapiga kengele: "Funika, mama!" Nimewajibu wote kwamba jaribio la kisayansi linahitaji mtu wa kulinganisha, na kazi hiyo hawezi kupewa mtu yeyote tu.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mvua nyepesi. Redio ameomba maganda ya maharage yaliyobaki. Nimempa. Nimemwambia masharti.

Jumamosi, tarehe 27 Julai

Tumevuna. Ghala dogo limejaa, mengine yako chumbani kwa mume wangu, cherehani imesogezwa mpaka mlangoni. Anashonea kizingitini na hajalalamika. Mahindi ya kile kipande cha mwanzo yalikuwa madogo, meno yamepishana. Kitinda mimba ameyaweka pembeni peke yake na kuyaonyesha kila mtu. Nimevumilia. Kiuno changu kizima kipo, hakijalala kitandani hata siku moja msimu huu.

Leo jioni ameniita bondeni. Ameanza kupima shamba kwa msimu ujao. Pale mwanzo, karibu na njia, amesimika vijiti vinne, amevizungushia uzi mwekundu wa baba yake. Mraba mdogo, unamtosha mtu mmoja kuchuchumaa.

"Hiki ni nini?"

"Chako, mama. Hapa ufunue utakavyo. Asubuhi, mchana, na wageni wako. Kwingine kote, mikono mfukoni."

Nimeuzunguka ule mraba mara mbili. Nimemwambia ni mdogo. Akasogeza kijiti kimoja.